Mama Tairi na Gari la Juu ya Mawe

Njia rahisi ya kumkasirisha Mama Tairi ilikuwa kuingia dukani kwake na kumtajia saizi ya rimu kabla hujamwambia utaivalisha tairi gani. Angekutazama kwa juu ya miwani, angemaliza kujifuta mikono kwa kile kitambaa chake cha kitenge, halafu angeuliza swali lake lile lile la kila siku: "Na tairi iko?" Ukijibu kwamba tairi itatafutwa, basi. Angekuonyesha benchi ukae, angekupa maji ya kunywa, angekuuliza habari za watoto na za mvua, lakini rimu ya kuuziwa usingeiona siku hiyo.

Jina lake nalijua, ila hata yeye angegeuka nyuma kutafuta anayeitwa kama ningelitaja. Mjini Kisumu, kuanzia Kondele hadi huko mashambani Kibos, alikuwa Mama Tairi tu. Duka lake lilikuwa la mabati ya bluu kando ya barabara ya Kibos, na mbele yake mashine ya kuvulia matairi iliyokuwa inalalamika kuliko wateja. Nyuma ya duka, chini ya kibanda, palikuwa na gari. Lilikuwa dogo, jeupe, la mashindano ya zamani, limepandishwa juu ya mawe manne. Rimu zake zilikuwepo zote, zimesuguliwa zinang'aa. Matairi hayakuwepo. Kila mgeni aliliona, kila mgeni aliuliza, na hakuna aliyejibiwa.

Mimi nauza dawa za mifugo, na shughuli hiyo hunitembeza kutoka Muhoroni mpaka Bondo. Ugonjwa wangu lakini ni mwingine. Kuna Jumapili, miwa ikishakatwa huko Muhoroni, ambapo sisi wachache tusiojiweza hukusanyika kwenye shamba tupu, tukachora njia kwa vigingi, tukakimbizana na saa katika vigari vyetu. Hakuna kikombe wala televisheni. Kuna vumbi, kelele, na mtu mmoja anayeenda nyumbani akiwa ameshinda wenzake. Ni kwa ajili ya Jumapili hizo nilifika kwa Mama Tairi mara ya kwanza, nikiwa na hamu ya rimu za inchi kumi na saba. Nilikuwa nimeziona kwenye gari la mtu fulani pale mjini na moyo wangu haukutulia tena.

"Shikamoo Mama. Nataka rim ya seventeen."

"Marahaba. Na tairi iko?"

"Si zimejaa mjini?"

"Za kwenda harusi zimejaa," alisema. "Za kushika kona ziko wapi? Nionyeshe hata moja, nikuuzie rimu sasa hivi."

Nilizunguka mji mzima siku hiyo kwa ubishi. Matairi ya kumi na saba yalikuwepo tele, lakini yote yalikuwa magumu, ya kuvumilia lami mpaka mjukuu wako ayarithi. Tairi laini, lile ambalo mpira wake unanata ukilibonyeza kwa kidole gumba, lilikuwepo la kumi na tano tu, na mara mojamoja la kumi na sita. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Wengi wetu wa Muhoroni tulikuwa na magari madogo yanayovaa kumi na tano, kwa hiyo wauzaji walileta kumi na tano. Nilirudi jioni nimenywea.

"Jamwa," akaniita. Ni neno la Kijaluo la mtu wa kuja, na sisi watu wa Vihiga hutupiwa hilo kila siku. "Rimu ni sahani. Tairi ndio chakula. Sasa wewe unanunua sahani kubwa, na nyumbani hakuna chakula. Utakula nini, maua ya sahani?"

Niliondoka na kumi na tano. Kuanzia siku hiyo jina langu pale dukani lilibaki Jamwa, na lake kwangu lilikuwa Mama, tukataniana miaka mingi, yeye akinisema kwa kupenda kuku, mimi nikimsema kwa kula samaki hadi macho.

Sitaki mtu afikirie alikuwa hakosei. Alikosea, tena kwa kishindo. Wakati mmoja aliapa kwamba saizi ya kumi na tatu haiwezi kufa Kenya hii, kwa kuwa kila mwalimu na kila mchungaji alikuwa na gari la kumi na tatu. Akaagiza matairi laini ya saizi hiyo, akayapanga hadi kwenye paa. Walimu wakabadilisha magari. Wachungaji ndio kabisa, walitangulia. Matairi yakakaa, na tairi likikaa mno hukauka na kufanya nyufa ndogo ubavuni, hata kama halijawahi kugusa barabara. Watu walimwambia ayauze hivyo hivyo, nani atajua. Hakukubali. Aliyapeleka yote Kibuye kwa washona akala, zile ndara za mpira wa tairi, na kwa muda mrefu soko lile lilikuwa na watu wanaotembea na viatu vya mashindano. Yeye mwenyewe alivaa jozi moja kila siku, hata na gauni zuri.

"Hizi zinashika kona," alikuwa akisema akiinua mguu, na alicheka kosa lake kabla wewe hujapata nafasi.

Alikuwa na maneno yake. Mteja akilalamika kwamba tairi laini linaisha haraka, alimwambia, "Sabuni pia inaisha, na unaoga." Kijana akija na gari aliloliteremsha hadi tumbo likagusa chini, alizunguka kulitazama pande zote, akamuuliza kwa upole kama barabara za kwao zimepigwa pasi. Kuna mmoja alimjia, nywele amezisuka, akasema, "Niaje mathe, nataka nineteen, zile noma." Mama akamwambia, "Niko poa, mwanangu. Ukipasua moja Ahero saa hii, ya pili utatoa wapi?" Kijana akakuna kichwa. "Nairobi, si wataleta?" Mama akamwambia, "Basi kaa Nairobi na gari yako, hapa uje na basi." Kijana alicheka mpaka akakaa chini, na baadaye alinunua kumi na sita. Huwezi kuamini jinsi mtu alivyoweza kutukanwa pale na akatoka ameridhika.

Kwake, saizi nzuri haikuwa kubwa wala ndogo. Saizi nzuri ni ile ambayo tairi lake bora utalipata leo, na likipasuka utalipata tena wiki ijayo, na mwaka ujao pia. Aliporudia jambo hilo alikunja vidole kimojakimoja: leo, wiki ijayo, mwaka ujao. Kidole cha tatu alikikazia zaidi.

Na huku nyuma ya duka lake gari limekaa juu ya mawe kwa sababu ya rimu zisizo na tairi. Mganga hajigangi, tulisema sisi wateja wake, tena kwa sauti ya chini.

Tulijua kidogo tu. Tulijua gari lilikuwa la marehemu mumewe. Tulijua kila Jumapili asubuhi fundi wake aliliwasha, likanguruma pale pale juu ya mawe kwa muda, kisha likazimwa. Tulijua pia kwamba shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akija kutoka Asembo Bay mara kwa mara, mwanamume mrefu wa kofia, mkulima na mfanyabiashara wa samaki. Kila alipokuja walizungumza Kijaluo pale kibandani kwa muda mrefu, na kila alipoondoka Mama Tairi hakutania mtu mpaka jioni.

Hadithi yenyewe niliipata kwa sababu ya Sabato.

Mama Tairi alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likizama, duka lilikufa. Sisi wa Muhoroni, ambao tulihitaji matairi kwa ajili ya Jumapili, tulilijua hilo, na bado kila mara kulikuwa na mmoja aliyechelewa. Ijumaa moja nilikuwa mimi. Fundi alikuwa amenivalisha matairi matatu, na la nne lilikuwa mashineni, upande mmoja umeingia kwenye rimu na upande mwingine bado. Mama akatoka nje, akatazama magharibi, kule jua linakoingia nyuma ya Kisian, akarudi akazima mashine.

"Mama! Imebaki nusu!"

"Jua limeingia."

"Ni dakika moja tu, Mama yangu."

"Ulikuwa na wiki nzima, ukaniletea dakika moja. Fundi, nenda nyumbani ukaoge."

Tairi langu likabaki pale mdomo wazi. Gari lilikaa kwenye jeki, na mimi nikalala kwa rafiki Nyalenda. Jumamosi mchana, baada ya ibada, nilirudi kusubiri jua lizame tena, maana sikuwa na pa kwenda. Nikamkuta Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lile gari jeupe, na gauni lake la kanisani, na zile akala miguuni. Alikuwa na chai kwenye thamosi na samaki aliyepikwa jana yake. Akanipa.

"Leo siuzi," alisema, "lakini kuongea si kuuza."

Ndipo nikauliza lile swali ambalo hakuna aliyejibiwa. Sijui kwa nini alinijibu mimi. Labda ni kwa sababu nilikuwa Jamwa, na mtu wa mbali ni rahisi kumwambia.

Mumewe alikuwa fundi wa matrekta Muhoroni, na alipenda mbio kuliko sisi wote. Gari hilo alilijenga mwenyewe, kipande kwa kipande. Kisha mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia rimu nne zikiwa na matairi yake. Zilikuwa nzuri mno, nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuonekana Muhoroni. Alizifunga, akashinda kila mtu misimu miwili. Kisha matairi yakaisha, akaenda kutafuta mengine, ndipo akagundua alichoachiwa. Rimu zile hazikupimwa kwa inchi. Zilikuwa za kipimo cha milimita, za mtindo uliotengenezwa ng'ambo kwa muda mfupi ukaachwa, na tairi la kawaida halikuzifaa.

"Unaweza kulilazimisha," Mama alisema. "Litakaa, utafurahi. Halafu siku moja kwa kona litatoka lenyewe, na wewe utatoka nalo."

Basi wakaanza kutafuta. Walitafuta Nairobi, walitafuta Mombasa. Yeye mwenyewe alipanda basi akaenda kuingia kwenye maghala ya watu, akisoma namba za ubavuni mwa matairi mpaka akaziota. Hakupata. Lakini kila safari aliona matairi mengine mazuri ya saizi za kawaida, akarudi nayo mawili, manne, akauza, na hivyo ndivyo duka lilivyozaliwa. Nikamwambia basi lile kosa lilikuwa na baraka yake. Hakucheka.

"Nilimwambia, Baba, toa hizi rimu. Weka fifteen. Fifteen iko kila mahali, tairi zake ni nzuri. Nikamtafutia rimu za fifteen zenye mashimo yale yale, nikamwekea hapa mlangoni. Akaniambia kesho. Alisema bila zile rimu zake gari si yake. Kila siku kesho."

Kesho hiyo haikufika. Mumewe aliugua, na ugonjwa haukuchukua muda. Akiwa kitandani alimwomba kitu kimoja tu: afapo, gari lake limtangulie nyumbani. Kwa Wajaluo mtu hazikwi mjini hata kama amekaa huko maisha yake yote. Hurudishwa kwenye boma lake, na msafara wa kumrudisha ni jambo la heshima, linaloonekana na kila kijiji kinachopitiwa. Ukoo wa mumewe ulikuwa umezoea kwamba mwenye gari hutanguliwa na gari lake. Na gari la huyu lilikuwa juu ya mawe.

"Shemeji akasema, funga zile fifteen, twende. Wazee wote wakasema hivyo. Mimi nikakataa." Akanimiminia chai juu ya ile ambayo sikuwa nimeimaliza. "Alisema bila zile rimu si yake. Sasa nimtangulizie gari ambayo si yake? Nikaona nikifunga fifteen nitakuwa nimemshinda ubishi akiwa kwa jeneza. Nikakataa. Akaenda na pikapu ya kukodi, ile ya kubeba viazi. Yawa, Jamwa. Nilitaka kufanya vile alitaka, na nikamnyima kile aliomba."

Hapo nilielewa shemeji alikuja kufuata nini miaka yote. Alitaka gari liende nyumbani, hata kwa kuburutwa, hata juu ya lori la miwa. Mama alikuwa amewajibu kwamba gari halitaenda likibebwa kama mgonjwa. Litaingia kwa lango kuu likitembea lenyewe, na rimu zake, siku tairi litakapopatikana. Alikuwa ameapa mbele ya wazee. Huko Asembo kulikuwa na watu waliosema mjane huyo ameshikilia gari kwa tamaa. Wengine walisema mwenye gari hajafika nyumbani bado, amesimama njiani akingoja.

"Na wewe unasema nini?" nilimuuliza.

"Mimi nasema na tairi iko?" akanijibu, akainuka. Jua lilikuwa limezama. Akajifunga kitenge juu ya gauni la kanisani, akawasha mashine mwenyewe, na ile nusu ya tairi langu ikaingia kwa mlio mmoja.

Baada ya siku ile sikumtania tena kuhusu gari, lakini kila nilipopata nafasi niliuliza. Mtu akisafiri ng'ambo, nilimwandikia vile vipimo kwenye simu. Nilipekua kila mahali pa kupekuliwa. Nilitaka sana kuwa mimi ndiye nitakayeyapata yale matairi. Nakiri nilijiona tayari nikiingia na habari hiyo, yeye akilia, mimi nikiwa shujaa mbele ya Kondele nzima.

Miaka ikapita. Nywele za Mama zikawa nyeupe, na fundi wake akawa ndiye anayeinua vitu vyote. Shemeji alipokuja sasa alitembea na fimbo, na mara ya mwisho nilipomwona alihitaji kupumzika kati ya mlango wa duka na kibanda. Ilikuwa wazi kwamba hatakuja mara nyingi zaidi.

Ndipo siku moja nilipoyapata. Kulikuwa na kiwanda huko ng'ambo kilichoanza tena kutengeneza matairi ya kipimo kile, machache, kwa ajili ya watu wenye magari ya kizamani. Picha zilikuwepo, na vipimo vilikuwa vile vile, namba kwa namba. Nilihakikisha mara mbili, kisha nikaendesha kutoka Bondo bila kusimama hata kununua maji.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi la wateja. Nikampa simu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama picha kwa muda mrefu sana. Akasoma namba kwa midomo bila sauti. Nilingoja machozi, nilingoja nyimbo. Hakuna kilichokuja.

"Ni zenyewe," alisema.

"Ni zenyewe, Mama! Tukiagiza leo zitakuja kwa meli. Kabla ya mvua zitakuwa hapa."

"Na hizi zikiisha?"

Nikasema labda wataendelea kutengeneza, labda hawatatengeneza, nani ajuaye. Aliinua mkono wake, akakunja kidole cha kwanza. Akakunja cha pili nusu. Cha tatu kikabaki kimesimama, akakitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Ungekuwa wewe unakuja kununua," alisema, "ningekufukuza."

Kisha akanirudishia simu, na akaniambia jambo ambalo sidhani aliwahi kumwambia mtu. "Jamwa, usikasirike. Umefanya kazi ya mtoto wa tumbo langu. Lakini nimekuwa naogopa zipatikane. Zikipatikana gari inaenda. Ikienda, hapa nyuma nitawasha nini Jumapili?"

Nilikaa kando yake. Niliona aibu kidogo kwa ule ushujaa wangu, na nilimpenda sana. Mashine ililalamika, fundi akavua tairi la mtu, mteja akaja akauliza bei akaenda.

"Nataka kwenda nyumbani kabla shemeji hajaniacha peke yangu na huu ubishi," Mama alisema mwishowe. Akageuka kunitazama kwa juu ya miwani. "Nisaidie. Nilivalishe rimu gani?"

Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kusikia akimuuliza mtu hivyo. Nikajua anachotaka nimwambie.

"Na tairi iko?" nikauliza.

Alicheka mpaka akashika mbavu, na hapo ndipo machozi yalipokuja. "Fundi!" akaita. "Leta zile za nyuma ya pazia." Fundi akaleta rimu nne za kumi na tano, zimefungwa kwa gunia, hazijawahi kuvaliwa. Ni zile zile alizomwekea mumewe mlangoni, zikangoja kesho. Matairi yalikuwepo dukani, laini, mapya, chagua unayotaka. Makaratasi ya gari ndiyo yaliyotuchelewesha, wiki kadhaa za kwenda na kurudi, na breki ambazo ilibidi zifumuliwe zote.

Tulitoka Kisumu Jumapili asubuhi. Alivaa gauni lake la kanisani na zile akala za kumi na tatu, na aliendesha mwenyewe. Mimi nilikaa kando yake. Nyuma, juu ya kiti, palikuwa na zile rimu nne za mumewe, amezifunga mkanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ya bibi kizee. Tulipopita Kisian tukaingia barabara ya Bondo, na zile kona zilipoanza, Mama Tairi akashusha gia, akakaza usukani, akazikata moja baada ya nyingine kwa mstari ambao mimi nautafuta Muhoroni hadi leo. Nilishika mlango. Matairi hayakulia hata mara moja.

"Yeye ndiye alikufundisha?" nilimuuliza nilipopata pumzi.

"Nani, yeye? Mimi ndio nilikuwa namwambia wapi afunge breki." Akakata kona nyingine. "Miaka yote alisema ni rimu zinashika barabara. Nilijua ni uongo. Ni tairi. Lakini alikuwa na raha sana akisema."

Ndori tulipinda kushoto kuelekea ziwani. Watu walisimama kando ya njia, maana simu zilikuwa zimetangulia. Karibu na boma alianza kupiga honi, ndefu, bila kuachia, jinsi magari ya msafara wa mazishi yanavyofanya, na wanawake wakatoka majumbani wakipiga yowe, kama vile aliyekufa amekufa wiki ile. Lango kuu lilikuwa wazi. Shemeji alisimama pale na fimbo yake na kofia mkononi. Gari likaingia likitembea lenyewe, likapita mbele ya nyumba, likasimama karibu na kaburi, likazimwa.

Shemeji alilizunguka polepole. Aligusa mlango, akagusa boneti. Kisha akainama kwa taabu akatazama magurudumu.

"Rimu zake ziko wapi?" aliuliza.

"Ziko nyuma," Mama Tairi akasema. "Leo zimekuja kama wageni."

Mzee akachungulia dirishani, akaziona zimefungwa mkanda. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kwa muda sikujua kama analia au anacheka, hata alipoinua uso sikujua, nadhani yeye pia hakujua. Akamshika Mama mkono, wakasimama hivyo.

Kabla sijaondoka, Mama alienda peke yake hadi kaburini. Gari alikuwa amesema litabaki, na mimi ningerudi na mtu wa pikipiki hadi barabarani. Sikutaka kusikiliza, lakini nilikuwa karibu, na baada ya miaka yote ya kuitwa Jamwa Kijaluo nakisikia. Alipita kwanza kwenye gari, akalipiga kila tairi teke dogo kwa akala yake, kama alivyofanya kwa kila mteja kabla hajamruhusu kwenda. Kisha akasimama mbele ya kaburi, mikono nyuma.

"Wasechopo," alimwambia. Tumefika. "Usinune. Rimu zako nimezileta, utazitazama. Hizi nyingine uzitumie. Na zikiisha usihangaike, fifteen iko hata hapo Ndori."